Aliyekataa Kuusahau Udongo

Ifikapo tarehe 30 Juni, mkuu wa maabara yetu ya udongo anastaafu, baada ya kukitumikia kituo hiki cha utafiti wa misitu kwa miaka ishirini na tisa. Jina lake halisi limebaki kwenye hati ya mshahara. Sisi tunamwita Bi Uyoga.

Alianza kama msaidizi, kazi yake kuosha mizizi na kuitazama kwa hadubini. Hapo ndipo alipowapenda kuvu, jamaa wa uyoga wanaojisokota mizizini kama nyuzi. Mti huwapa sukari, nao huutafutia virutubisho ardhini: nipe nikupe. Mumewe husimulia kwamba jokofu lao lilijaa vifuko vya udongo, na kwamba wifi yake alikaribia kuchemsha kimoja akidhani ni kahawa.

Jaribio lake kubwa lilikuwa la vitalu vya msitu vilivyopulizwa hewa ya ukaa zaidi, kuiga hali ya miaka ijayo. Miti ilinenepa. Mkurugenzi wa wakati huo akaandaa ripoti: msitu utazidi kuimeza kaboni, yaani ukaa tunaoutupa hewani. Bi Uyoga mwenyewe aliamini hivyo, na hoja ilikuwa yake. Kisha akapima udongo. Chini ya miti ile kaboni ilikuwa ikipungua. Kuvu, katika kuihangaikia miti iliyokua haraka, walikuwa wakiimeng'enya mboji ya zamani, na kaboni iliyolala humo ikatorokea hewani. Alirudia vipimo msimu uliofuata. Majibu yakawa yaleyale.

Mkurugenzi alimwomba suala la udongo lisubiri ripoti nyingine. Alijibu kwa upole, "Mzee, tukihesabu kinachoingia tu, tukaacha kinachotoka, tutakuwa tumewadanganya watu."

Gari la maabara likahamishiwa idara nyingine. Alinuna siku mbili, kisha akaanza kwenda msituni kwa baiskeli. Mwishowe mkurugenzi alimfuata huko, wakashinda wakichimba pamoja, na kesho yake ripoti ikaanza kuandikwa upya. Iliahidi machache, lakini iliaminika. Tangu hapo hatuchagui miche ya kupanda kabla ya kuwajua kuvu wake, maana si kuvu wote wanaoimeng'enya mboji kwa kasi ileile.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, aliomba kiti, maana miaka yote hii ameifanya kazi akiwa amepiga magoti.

Bi Uyoga, asante kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kubadili mawazo mbele ya watu na heshima yake ikabaki. Kiti kiko tayari. Kaa, upumzike, ufurahie uzee mwema.