Mable Wayua, Aliyemngoja Bwana Akiwa Shambani

Mable Wayua Maundu, tunayemzika leo hapa nyumbani kwake nje kidogo ya mji wa Voi, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957 huko Mtito Andei. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Muinde na marehemu Katuku. Mwaka wa 1964 babake alipata kazi ya kukata mkonge, familia ikahamia Voi, na Mable hakuhama tena.

Alisoma shule ya msingi hapa Voi hadi darasa la saba, mwaka wa 1972. Walimu walimpenda kwa akili yake, wakamchoka kwa maswali. Akipewa jibu, alitaka kujua limetoka wapi. Siku moja alirudishwa nyumbani akamlete mzazi. Babake alipofika na kuelezwa kosa lenyewe, alimgeukia mwalimu akamuuliza, "Na wewe ulimjibu nini?"

Kuanzia 1975 aliuza ndizi na vitunguu katika soko la Voi, akifuata mali Taveta. Wakulima wa Bomeni, huko Taveta, walimpa jina la Mama Pindua, kwa sababu hakununua gunia kabla halijamwagwa chini lote, aone kilichofichwa katikati. Walinung'unika, lakini walimngoja, maana hata wao walijua kwamba mteja wa Mable hakukuta kitunguu kibovu chini ya fungu.

Gibson Maundu, fundi wa reli, alimposa mwaka wa 1976. Mable hakujibu upesi. Aliulizia habari zake kanisani, kwenye karakana, na kwa mama aliyempangisha chumba. Miaka baadaye Gibson alimuuliza alikuwa akitafuta nini. "Kasoro," alijibu. "Nilizipata. Nikaona naziweza." Walifunga ndoa kanisani tarehe 16 Desemba 1978, wakajaliwa watoto watatu.

Mzee Gibson mwenyewe ameomba kwamba yanayofuata yasomwe, yasifichwe. Mwaka wa 2014, akiwa amestaafu na anaugua sukari, alivutwa na mhubiri mgeni aliyepiga hema karibu na barabara ya Mwatate. Mhubiri huyo alifundisha kwamba Bwana angerudi kabla ya mvua ya vuli. Kupanda mbegu ni kukosa imani, alisema, na kumeza dawa ni vilevile. Gibson akaweka jembe chini, akaacha na vidonge.

"Mbinguni hakuna sukari," alimwambia mkewe.

"Ni kweli," Mable akasema. "Lakini hujafika."

Hakumkataza kwenda. Alifuatana naye, akaketi mstari wa mbele, akasikiliza ibada baada ya ibada na kumtazama mhubiri machoni. Wengine walidhani ameokoka upya. Moyoni alikuwa na wasiwasi ambao hakuweza kuupa jina, maana maandiko yaliyosomwa alikuwa akiyaamini tangu utotoni. Kisha asubuhi moja alipita nyuma ya hema akakuta mafundi wakichimba msingi. Akauliza ni nyumba ya nani. "Ya mtumishi," wakamjibu. Itaisha lini? "Ametuambia ahamie Pasaka."

Mable alirudi nyumbani akamweleza mumewe. Gibson alikasirika kuliko siku yoyote ya ndoa yao.

"Wewe unamshuku kila mtu. Sasa unamshuku hata Mungu!"

Neno hilo lilimchoma. Alichukua jembe, akasema, "Mungu simshuku. Nawashuku wanaomsemea. Kwake nitaenda, na hamu ninayo. Akija leo, anikute shambani, nikilima alichonipa."

Akatoka, akapanda mahindi na ndengu peke yake, huku washirika wa hema wakipita njiani na kumwita mpagani. Mvua ilinyesha Novemba. Mhubiri akaondoka bila kuaga. Lakini kidonda cha sukari kilikuwa kimeshika mguu wa Gibson, na Machi 2015 ukakatwa chini ya goti. Mable alimuuguza, akamfundisha kutembea na magongo. Gibson anashuhudia kwamba hata mara moja mkewe hakumwambia, "Nilikuonya."

Jambo lililomsumbua Mable lilikuwa lingine. Tangu siku hizo Gibson hakutaka tena kusikia habari za mbinguni. Mchungaji akizitaja, alitoka nje ya kanisa. Mable hakubishana naye. Aliomba tu, akapika, akawatembelea wagonjwa wa mtaa, Jumapili akaimba sauti ya pili.

Agosti 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Mgeni mmoja aliyekuja kumjulia hali alipomtabiria kupona, Mable alimuuliza, "Umeonyeshwa, au unanifariji?" Mgeni akakiri kwamba anamfariji. "Basi asante. Keti, unywe chai."

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, Gibson alikuwa kando ya kitanda. Alimuuliza jambo alilokuwa amelibeba miaka yote: "Na kama tulidanganywa? Kama huko hakuna kitu?"

"Yule wa hema alitudanganya tarehe," Mable akasema polepole. "Ahadi haikuwa yake. Aliyeiahidi nimeishi naye humu ndani. Namjua."

Gibson akalia. Akasema basi atamfuata upesi.

"Usikimbilie," mkewe akamjibu. "Una wajukuu. Ukiitwa, njoo." Akafumba macho, na kabla ya saa sita akaitwa yeye.

Ameacha mumewe, Gibson Maundu, ambaye asubuhi ya leo, katika ibada, alibaki kanisani mpaka wimbo wa mwisho. Wanawe Kaloki wa Taveta, Mwelu, mwalimu huko Mwanda, na Morris wa Voi. Wakwe wawili, wajukuu saba, na dada yake Mukonyo.

Alale salama kwa Yule aliyemjua, hadi asubuhi atakayoichagua Yeye mwenyewe.