Sehemu ya Kungojea Aliyoijenga Shamso Nunow

Assalamu alaykum. Mimi ni Weris, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee habari za maisha yake, ingawa wako walioniomba niruke mahali fulani, nami siruki.

Dada yetu Shamso Nunow alizaliwa Eldas tarehe 14 Machi 1981, binti wa kwanza wa mzee Nunow na mama Ramlo, akasoma shule ya msingi hapohapo, kisha sekondari mjini Wajir, akamaliza mwaka 1999, akaja Garissa kushona mito na makochi.

Tarehe 6 Agosti 2004 aliolewa na Abdirahim Billow, mwenye hoteli, yule aliyeketi pale mbele, wakajaliwa Idil na Yahye. Wakati huo wateja walingoja meza wamesimama mlangoni, wanawake wamewapa wanaume mgongo, wazee wameegemea ukuta. Shamso ndiye aliyejenga sehemu ya kungojea, akikaa juani mwenyewe saa saba mchana ili ajue kivuli kinaishia wapi, akaweka mabenchi yenye mito, ya kimo ambacho mzee mwenye magoti mabovu anaweza kuinuka, pazia upande wa akina mama, maji ya kutawadha, na chai ya maziwa ya ngamia kabla mtu hajaulizwa atakula nini, maana kwetu mgeni haanzi kwa kuulizwa. Hoteli ikajaa, Abdirahim akanenepa.

Mwaka 2019 Abdirahim alimpa talaka, akaenda redioni akasema ile sehemu aliibuni yeye, na siku Shamso alipowapeleka watoto kula, bawabu aliagizwa awasimamishe nje, juani. Sijasahau, wala sina nia ya kusahau.

Aliugua figo kuanzia mwaka 2023, akafariki nyumbani Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa kumi jioni. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wanaotupikia hadi leo, na mafundi wenzake wa cherehani.

Asubuhi ya siku hiyo Abdirahim alikuja kumwomba msamaha. Shamso akaniambia, "Abaayo, mdogo wangu, mpe mto, mpe chai, angoje nimwite." Abdirahim akakaa vizuri, akanywa, akangoja hadi tulipotoka kumwambia kwamba Shamso amefariki.

Desturi inataka nimalizie kwa kusema marehemu amewasamehe wote. Nami nasema amewasamehe, isipokuwa mmoja, na huo msamaha hakuniachia niutoe mimi. Dada, lala salama katika rehema za Mola wako. Abdirahim, endelea kungoja.