Kijiko Kipo Tayari

VEREDIANA: Haloo. Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

HERMAN: Ni mimi, Herman. Shikamoo dada.

VEREDIANA: Kumbe ni wewe.

HERMAN: Shikamoo, dada Verediana.

VEREDIANA: Marahaba. Simu ya nani hii?

HERMAN: Ya fundi mwenzangu hapa kambini. Ya kwangu hupokei tangu Jumatatu.

VEREDIANA: Ningejua ni wewe, na hii nisingepokea.

HERMAN: Mwanao Paskalina ameniambia. Kwamba shemeji mmempata.

VEREDIANA: Tumempata. Jana jioni.

HERMAN: Pole sana dada. Poleni wote hapo Gendabi. Mungu amp—

VEREDIANA: Ngoja kwanza, maneno ya padri tunaye padri. Jumapili kilima kilipomomoka kikafunika nyumba na Nicodemo yumo ndani, mtu wa kwanza niliyempigia alikuwa nani?

HERMAN: Mimi.

VEREDIANA: Nikakuuliza nini?

HERMAN: Dada, mtandao unakata—

VEREDIANA: Haukati. Nakusikia unavyohema.

HERMAN: Uliuliza kama kijiko cha jeshi, ule mtambo wa kuchimbia, kinaweza kuja.

VEREDIANA: Niliuliza kama ni kizima, maana fundi wake ni wewe. Ukanijibu?

HERMAN: Kipo tayari.

VEREDIANA: “Kipo tayari, dada. Waambie watu wasikanyage juu ya tope, watalishindilia. Wangojee.” Ndivyo ulivyosema. Na watu walikuwa wengi, Herman. Jirani Gidamis aliacha ng'ombe wake wakaingia kwenye mahindi, akaja na wanawe na majembe. Nikawazuia mimi, kwa mdomo wangu. Nikawaambia mdogo wangu yuko jeshini, mtambo uko njiani. Wakakaa pembeni, wakawasha moto, tukaota. Mpaka Jumatatu mchana Gidamis akasema, mama, huyu ndugu yako haji. Akaingia kuchimba.

HERMAN: Dada, sisi tuna—

VEREDIANA: Mna nini?

HERMAN: Tuna mazoea mabaya. Asubuhi tukipanga mstari afande anauliza hali ya mitambo. Jibu ni moja, “tayari, afande”. Hata kama kitu kipo juu ya mawe. Ukisema kibovu, unaulizwa wewe umekifanyia nini. Limeshakaa mdomoni.

VEREDIANA: Mimi ni afande wako?

HERMAN: Hapana, dada.

VEREDIANA: Kimeharibika nini hicho kijiko?

HERMAN: Hayo si ya kuongea kwenye simu.

VEREDIANA: Yaongee.

HERMAN: Pampu. Ile ya kunyanyua mkono. Kinawaka, kinatembea, lakini mkono haunyanyuki. Kila bajeti tunaomba fungu la spea, linakatwa. Mwaka huu likaja kidogo, na wageni nao wakawa wanakuja kukagua. Basi likanunua rangi.

VEREDIANA: Rangi.

HERMAN: Kikapakwa, kikapitishwa mbele ya jukwaa. Wakapiga makofi.

VEREDIANA: Ile picha uliyonitumia. Niliwaonyesha watu kanisani, Herman. Nilijivuna.

HERMAN: Jumapili ulipopiga nilidhani tutaazima pampu ya mtambo mwingine. Kumbe nao tulishauchomoa spea zote, limebaki ganda.

VEREDIANA: Na usiku ule hukunipigia tena kuniambia.

HERMAN: Niliogopa.

(mikwaruzo kwenye simu)

HERMAN: Dada... shemeji, si lilimkuta amelala? Wanasema tope likishuka mtu hajui chochote.

VEREDIANA: Unataka nikuambie alikufa palepale.

HERMAN: Ndiyo.

VEREDIANA: Tulimkuta chini ya meza, amekaa. Tope lilimfika kifuani tu, ukuta ulikuwa umeegemea juu yake. Mfuniko wa sufuria mkononi. Alikuwa anachimba, kuja upande wetu, tulikokuwa tunaota moto.

HERMAN: Mfuniko wa sufuria...

VEREDIANA: Upo?

HERMAN: Nipo.

VEREDIANA: Paskalina hajui. Wote nimewaambia alikuwa amelala. Gidamis aliona, naye amenyamaza. Wewe ujue.

HERMAN: Dada, nisamehe.

VEREDIANA: Tunazika kesho.

HERMAN: Kesho? Dada... pampu imefika. Maporomoko yalipotangazwa redioni tu, ikapatikana. Tumeifunga leo. Tumeamriwa tuje na kijiko hapo Gendabi kesho, kuna mkubwa anakuja kuona eneo.

VEREDIANA: Kije kifanye nini?

HERMAN: Kusafisha. Na nilifikiri labda kaburi—

VEREDIANA: Kaburi Gidamis na wenzake wanachimba sasa hivi kwa majembe. Hakuna aliyewaambia wangojee.

HERMAN: Basi niombe ruhusa, nije peke yangu. Nije kama ndugu. Na mimi nishike jembe.

VEREDIANA: Kijiko kisiguse pale nyumba ilipokuwa. Mwambie huyo mkubwa wako. Waliopiga makofi walishaona cha kuona.

HERMAN: Nitamwambia. Dada, mwenye simu anaitaka, na salio lake linakwisha, nita—

VEREDIANA: Herman. Hiyo kesho, utakuja kweli?

HERMAN: Nipo ta— Sijui kama wataniruhusu, dada. Sijui.

VEREDIANA: Haya. Ungenijibu hivyo Jumapili.

HERMAN: Dada—

(simu imekatika)