Kisanduku Kipya na Barua ya Soli

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, waheshimiwa wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, mafundi wenzangu wa karakana, na wewe mama watoto uliyevumilia miaka thelathini na moja kuolewa na mtu wa mita: nawasalimu nyote, na naomba niongee nikiwa nimeegemea meza hii, maana magoti nayo yamestaafu leo. Wanasema ng'ombe hazeeki maini. Mimi nimezeeka mpaka maini.

Mshereheshaji amenisifu kwa kisanduku kipya. Kwa msiokijua, ni kile cha kijivu juu ya nguzo mtaani kwenu. Kila saa huziita mita za umeme za nyumba mia mbili kwa mawimbi, kila mita hujibu imesoma ngapi, nacho hutuma majibu makao makuu. Cha zamani pia nilikibuni mimi. Hilo hakulisema, ni mtu mwenye adabu.

Sasa, mita moja isipojibu? Labda ukuta mpya umeziba mawimbi, labda mita yenyewe imekufa. Wakubwa walipenda ripoti ya asilimia mia, nami nikabuni ujanja: mita ikinyamaza, kisanduku kijaze wastani wa siku zake zilizopita. Nilipigiwa makofi humu humu ukumbini. Nani angeishuku ripoti isiyo na pengo?

Soli aliishuku. Ni msoma mita wa siku nyingi, tuliyemwita hivyo kwa kumaliza soli za viatu kuliko sisi sote. Miaka mitatu iliyopita aliingia karakana, hakuketi.

"Bosi, kuna bibi nyumba ya mwisho kule bondeni. Waya umekatika nguzoni, yuko gizani wiki ya tatu. Dawa zake za sindano zimeharibikia kwenye friji. Kisanduku chako kinasema anapika kila jioni."

Nikamjibu, "Soli, kisanduku hakidanganyi. Umekosea nyumba."

Bibi mwenyewe alikuwa ameshapiga simu huduma kwa wateja mara nne. Mara zote alijibiwa kwa upole, "Umeme unao, mama, tunauona hapa." Mara ya tano aliyepiga alikuwa binti yake, akiwa hospitalini na mama yake. Bibi alilazwa siku arobaini, akarudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu.

Alipotafutwa mzembe, ripoti yangu ilikuwa safi. Soli hakuwa na ripoti, alikuwa na viatu tu. Akaandikiwa barua ya onyo kwa kutokagua mtaa wake, akahamishiwa stoo. Nami nilijua kosa ni la ule wastani wangu, nikanyamaza. Mita ikinyamaza tuliijazia wastani. Mimi niliponyamaza mlinipandisha cheo.

Ndiyo maana nilikibuni upya. Kutoa antena nje ya bati la kisanduku na kuongeza betri kulituchukua miezi minne. Kufuta ule wastani kulichukua nusu siku kwenye programu na miaka miwili kwenye vikao, kwa sababu ripoti ilishuka hadi asilimia tisini na moja na hakuna aliyetaka kuisaini. Jamani, vikao vile vimenichosha kuliko nguzo zote nilizopanda. Sasa mita isipojibu, kisanduku huandika "sijasikia", na fundi hutumwa mlangoni siku hiyo hiyo.

Mheshimiwa Mkurugenzi, saa ya ukutani mliyoniandalia nimeiona, ni nzuri. Naomba nisiipokee. Badala yake, pokea wewe bahasha hii. Nimeandika kwa mkono wangu nani aliweka wastani ule na nani alisema kweli. Iingie kwenye faili la Soli, na ile barua ya onyo itoke.

Mwenyewe yupo, kule nyuma karibu na mlango. Viti mlivyokalia amevibeba yeye, kwani bado ni mtu wa stoo. Soli, ndugu yangu, hukukosea nyumba. Mimi ndiye niliyekosea, na aibu hii nimeishi nayo miaka mitatu nikila vizuri. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitaelewa.

Basi, asanteni nyote kwa kunisikiliza, ingawa wa kusikilizwa alikuwa yeye.