Nimekisoma, Bado Nipo

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe uliyesimama mlangoni na funguo za gari mkononi kana kwamba umekuja kunichungulia tu uondoke, ingia ukae, maana nina maneno ambayo nikiyaacha mpaka kesho huenda yakakosa wa kuyasema. Dada yenu ameniwekea mito miwili mgongoni, daktari amekuja asubuhi akanishika mkono kwa huruma ambayo sikuipenda, na mimi si mtoto mdogo, najua huruma ya namna ile hutangulia nini. Sikilizeni, na msinikatize kwa "Mama, pumzika," kwa sababu kupumzika nitapumzika sana.

Nianze na vitu, kwa kuwa vitu vinasemeka kirahisi. Nyumba hii ni yenu nyote watatu, na haiuzwi maadamu kuna mmoja wenu asiye na pa kulaza ubavu. Binti yangu wa kwanza, meza yangu ya kuandikia ni yako, ila usiigeuze ya kupigia pasi. Kitinda mimba wangu, chukua vitabu vyote vya rafu ya ukutani, kwani tangu utotoni wewe ndiye uliyekuwa ukiviiba. Na wewe mwanangu wa kiume, nakuachia mashine yangu ya kupiga chapa, ingawa najua hujamaliza hata kitabu changu kimoja. Kile nilichokupa siku ya harusi yako bado kina tikiti ya basi kwenye ukurasa wa arobaini, nilikiona nilipokuja kumtazama mjukuu. Usiiname, sikukasirika. Kwa haya nitakayosema, huenda ukawa msomaji pekee ambaye sikumkosea.

Ile ngao ya mbao ya tuzo iliyo sebuleni, ambayo kila mgeni huisoma kabla hajavuta kiti, iteremsheni leo. Sababu yake ndiyo niliyowaitia, hayo mengine ni vyombo tu.

Mnajua kwamba kabla sijatoa kitabu niliandika hadithi ya gazetini, kipande kimoja kila Jumamosi. Alhamisi nilikaa nikaandika, Ijumaa asubuhi nikapeleka karatasi kwa Mhariri, wino haujakauka vizuri, naye akazisoma amesimama huku mafundi wa mitambo wakimgongea dirisha. Sikuwahi kuwa na Jumamosi mbili mkononi. Watu walidhani nimeshaipanga hadithi yote kichwani mpaka tamati, nami niliwaacha wadhani hivyo, ila ukweli ni kwamba nilikuwa natembea gizani kama wao, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa mbele kwa hatua moja. Na wasomaji wale, wanangu, hawakuwa watu wa kuchezewa. Mhusika wangu alipojifungua, zililetwa nguo za mtoto pale ofisini, soksi za kufuma na kofia, mpaka Mhariri akauliza kama kuna aliyemwona huyo mtoto. Muuza nyanya mmoja alikataa kuniuzia mpaka nimwahidi kwamba mjane wa kwenye hadithi ataolewa. Je, niliwapenda? Nilipenda kupendwa nao, na nimechelewa mno kujua kwamba hayo ni mambo mawili.

Hadithi iliyonipa ngao ni ile ya Fundi Saa, kijana aliyesingiziwa wizi na ndugu yake mwenyewe, akaondoka kwao bila kuaga, na mama yake akabaki akimsubiri miaka saba, kila jioni akiacha kiti kimoja kitupu ukumbini. Nchi nzima ilitaka kujua kama atarudi. Zikiwa zimebaki Jumamosi tatu hadithi iishe, na gazeti limeshatangaza hivyo, ikaja barua kutoka hospitali, imeandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi ya kuandikia joto la mgonjwa. Aliyeiandika alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, kifua kimemlaza miezi minne. Naikumbuka neno kwa neno. "Mwandishi, dada yangu, madaktari wananiambia nivute subira, lakini wakiongea wenyewe kwa wenyewe wanapunguza sauti. Sidhani kama nitazifikia Jumamosi tatu. Mimi pia nina mwanangu aliyeondoka. Tafadhali niambie mimi peke yangu, Fundi Saa anarudi kwao?"

Nilijisikia mtu mkubwa, wanangu, nisiwafiche. Nilikaa siku hiyohiyo nikamjibu kurasa mbili. Nikamwambia anarudi. Nikamwambia anafika asubuhi ya manyunyu, viatu mkononi, anamkuta mama yake anafagia uani, na mama hamuulizi alikuwa wapi wala kwa nini, anaweka ufagio chini, anamsogezea kile kiti. Niliandika vizuri mno, nikalia mwenyewe kwa uhodari wangu, nikabandika stempu. Na moyoni, hapa ndipo aibu inapoanza, moyoni nilijiambia kwamba hakuna hasara, kwani hata nikibadili mawazo, huyu hatakuwepo kuona.

Nipe maji kidogo. Basi, yatosha.

Wiki ile nilialikwa kwenye mkutano wa waandishi, na mwalimu mmoja wa chuo, mtu wa tai na kikohozi cha kujifanyisha, akasema mbele ya watu kwamba hadithi zangu huisha kama chai ya watoto, sukari tupu. Watu wakacheka. Nami nilicheka, ila nilirudi nyumbani nimekereka hadi kwenye mifupa, na Alhamisi ya mwisho ilipofika nilimuua Fundi Saa. Nilimuua kituo cha basi, hatua mia mbili kutoka nyumbani kwao, ameegemea begi lake, na mama yake akipita hapo kwenda sokoni akaona watu wamezunguka kitu, akahurumia mtoto wa mwenzake, akaendelea na njia. Huo ndio mwisho mnaousoma kwenye kitabu, na ndio ulioleta ngao. Na, wanangu, ni mwisho mzuri. Laiti ungekuwa mbaya ningeutubu kwa urahisi zaidi.

Miaka yote mmenisikia nikisema Mhariri ndiye aliyenilazimisha, kwamba alisema wasomaji wanapenda kulia. Ni uongo. Mhariri aliisoma siku ile amesimama kama kawaida, akavua miwani, akaniuliza, "Una hakika?" Basi, ni hilo tu. Na nyinyi kwa ajili ya uongo wangu mlimnyima mkono kwenye msiba wa baba yenu, mzee wa watu akasimama kando peke yake na kofia kifuani, nami nikaona, nikanyamaza. Bado yu hai. Nendeni mkamwombe radhi kwa niaba yangu, na msipeleke maneno mengi, atawaelewa.

Yule fundi cherehani hakufa.

Mwezi mmoja baadaye ikaja barua ya pili, safari hii kwa kalamu ya wino, mkono umetulia. Binti yangu wa kwanza, wewe ndiye uliyeileta. Ulikuwa na miaka tisa, nilikuwa nakutuma sanduku la posta, na kwa kuwa ulikuwa na tamaa ya kusoma kila kitu, hata karatasi ya sabuni, uliifungua njiani. Ukaingia jikoni ukaniuliza, "Mama, kwa nini ulimdanganya huyu mama?" Nikakupiga kofi. Nilikwambia nakupiga kwa kufungua barua za watu, ukaamini, na kuanzia siku hiyo hukugusa tena karatasi yangu yoyote, hata nilipotamani uiguse. Mwanangu, kofi lile halikuwa lako. Lilikuwa langu, nikalitoa nje ili lisinipate. Naomba unisamehe, tena mbele ya ndugu zako, kwa kuwa nilikupiga mbele yao.

Barua yenyewe iko kwenye bahasha ya kaki, kabatini, chini ya shuka nyeupe. Anasema jibu langu aliwasomea wagonjwa wenzake wodini, wanawake saba, kwamba siri ya Fundi Saa wanayo wao kabla ya nchi nzima, na wakacheka, na mwenzake wa kitanda cha pili, asiyejua kusoma, akamwomba arudie pale pa kiti mara tatu. Yule wa kitanda cha pili alifariki siku ya pili yake, anajua kijana amerudi. Halafu Jumamosi ikafika, muuguzi akaleta gazeti, akawasomea kwa sauti. Mwisho wa barua ameandika hivi: "Nimepona, dada. Ningependa kujua jambo moja tu. Uliponiandikia, ulikuwa umeshanihesabu maiti?"

Sikumjibu. Nilianza majibu, nikayachana. La kwanza lilikuwa na visingizio, la pili lilikuwa na falsafa, la tatu lilikuwa zuri, na hilo nililichana upesi kuliko yote. Baadaye nikajiambia muda umepita. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeyaficha haya mpaka kifo chenyewe kimevuta kiti hapa.

Lakini yeye hakuniacha. Kila nilipotoa kitabu, baada ya mwezi au miezi miwili ilikuja kadi ya posta, maneno yaleyale, hakuna salamu, hakuna tusi. "Nimekisoma. Bado nipo." Vitabu kumi na kimoja, kadi kumi na moja. Mlikuwa mkishangaa kwa nini kitabu kikitoka siwi na furaha, nazunguka nyumba, namuuliza aliyetoka posta. Nilikuwa naiogopa ile kadi kama mtoto anavyoiogopa fimbo, na ilipochelewa niliogopa zaidi. Watu walinipigia makofi kumbini, wakaniletea vitabu niwatilie sahihi, na kila aliyeniambia "Mama, maneno yako yamenisaidia" alinitia aibu, nikatabasamu, nikaandika jina lake, nikaona wodi. Ya kumi na moja imekuja mwaka huu. Mwandiko umeanza kutetemeka kama wangu.

Sasa... subirini. Niinue kidogo. Hapo.

Kwenye bahasha ileile mna kurasa kumi na nane. Nimeandika mwisho nilioahidi, wenye manyunyu na ufagio na kiti. Si mzuri kama ule wa kitabuni, mkono wangu ulishazoea kuua, lakini ndio nilioahidi, na ahadi ni deni. Mchapishaji akisikia kuna karatasi za Fundi Saa atawajia na maua na maneno matamu. Msimpe. Hata ukurasa mmoja. Zile zina msomaji mmoja tu.

Mwanangu wa kiume, usiziweke hizo funguo mfukoni. Ni safari ya siku moja na nusu, na wewe unalipenda gari lako kuliko usingizi. Nyuma ya kadi ya mwisho, imo humohumo kwenye bahasha, kuna anwani, duka la cherehani nyuma ya kituo cha mabasi. Namba ya simu hakuna, na hata ingekuwepo, jambo hili haliulizwi kwa simu. Ondoka leo. Kwa kuwa hukusoma vitabu vyangu, hutajaribu kunitetea kwa maneno ya vitabuni. Ukimkuta, mwamkie vizuri, mwambie wewe ni mtoto wa yule mwandishi. Kama macho yake hayaoni, msomee kurasa hizo taratibu, usirukeruke. Na akikuuliza lile swali lake, usibabaike. Mwambie, ndiyo. Mwambie mama amesema ndiyo, alikuhesabu maiti, na kila kadi uliyomletea ilimkuta yeye ndiye aliyekufa. Hapana, hiyo ya mwisho iache. Hayo ni mapambo. Sema ndiyo tu. Ndiyo, halafu omba radhi.

Kisha... kisha muulize jambo ambalo sikuuliza. Aliniandikia, "Mimi pia nina mwanangu aliyeondoka." Barua ya kwanza kabisa. Miaka thelathini na moja, wanangu, na mimi kazi yangu ni kuuliza watu imekuwaje. Sikuuliza. Nilimjibu kuhusu kijana wa karatasi, wa kwake nikampita kama yule mama pale kituoni. Muulize kama alirudi.

Akishakujibu, piga simu hapa. Dada yako ataniwekea sikioni. Hata kama nimefumba macho... aniwekee. Nataka kujua. Mnaona jinsi mambo yanavyogeuka? Sasa ni mimi niliyelala, nisiye na uhakika wa Jumamosi.

Mungu awafungulie milango, wanangu. Awape mkate wa jasho lenu na usingizi usio na barua chini yake. Mpendane bila kuhesabiana. Wajukuu wangu wasome wanachotaka, na wakifungua barua yoyote, waulizeni... waulizeni wamesoma nini. Msiwapige.

Nenda basi. Bahasha, iko chini ya shuka. Shuka nyeupe.

Mwanangu.

Kama hakurudi... kama yule kijana hakurudi, usinionee huruma. Niambie vilevile. Usinitungie. Usinihesabu maiti... bado nipo.