Mrija wa Nahimana

Sikilizeni wanangu, Silvère na wewe dada yake Claudette, sogeeni, maana leo sauti yangu haifiki mlangoni. Nimechoka. Uchovu huu si ule wa kuchuja pombe tangu alfajiri na mtoto mgongoni, huu haulaliki.

Kabare hii, kilabu chetu cha pombe, tuliirithi kwa bibi yenu, wakati mtaa huu wa Gikondo una maghala mawili tu. Madereva, wapagazi, hata katekista, wote walikunywa mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake, na mwenye nyumba akaonja kwanza mbele ya wageni ili mioyo itulie. Siku hizi mnauza chupa, mteja anataka ifunguliwe akiitazama, akienda kukojoa anatoka nayo. Chama hiki benchi hili, chama kile benchi lile. Nami siwezi kuwalaumu.

Baba yenu Maneno alianguka hapo mbele mwaka wa sabini na nne, akicheza bao na Nahimana, yule jirani yetu fundi baiskeli, mtungi mmoja kati yao. Watu wakasema Nahimana kamtia sumu. Lisemwalo lipo, wakasema, na tangu siku hiyo hajavuka kizingiti chetu, na binti zake wakakosa wachumba.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi. Baba yenu alikuwa akitapika damu miezi mitatu, akanikataza kusema, tajiri wake asije akampokonya lori. Hapakuwa na sumu. Lakini baada ya msiba watu waliukimbia mtungi wangu, nanyi mlikuwa wadogo, mna njaa. Walipomtaja Nahimana, wakarudi. Pombe yangu ikatakata, yeye akachafuka, nami nikanyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, ati. Yangu imekwenda miaka kumi na tisa.

Usilie, Claudette. Uliziona zile shuka zake zenye damu, nikakupiga ili unyamaze. Nisamehe, mama.

Na wewe Silvère, jana nilikusikia kupitia ukuta huu, wewe na kofia yako ya chama, ukiwaambia wenzako kwamba muuaji wa baba yako anajulikana na nyumba yake inajulikana, siku yake i karibu. Wakacheka. Mwanangu, nilikuogopa, mimi niliyekuzaa.

Basi shikeni haya. Migomba na mitungi ni ya Claudette, anaijua kazi na hana kiburi. Nyumba ni yenu wawili. Nizikeni kando ya baba yenu, msijionyeshe kwa jeneza. Lakini kwanza, leo, jua likiwa bado juu, Silvère vua kofia hiyo, nenda kwa Nahimana kwa miguu yako, useme mbele ya wenzako wale wale niliyoyasema, umlete aketi katikati, aonje yeye kwanza, nawe unywe kwa mrija wake. Wakikucheka, wacheke.

Maji... kidogo. Inatosha.

Claudette, lete kichwa. Mungu akukuze, uzae, uzeeke kwenu. Haya.

Silvère, usinipigie magoti. Baraka yako sinayo. Niliyemdhulumu ndiye nimemwachia, kaiombe kwake, akikupa umepata... akikunyima... mwombe tena. Nenda, baba. Nenda angali hai.

Claudette, ameondoka? Mbona sisikii mlango?