Kuku Aliyevunjwa Mguu kwa Ajili Yangu

Shikamooni wakubwa zangu, ingawa nikitazama humu ndani naona wakubwa zangu wamebaki wawili, na mmoja anasinzia. Wengine wote, hamjambo. Nesi amesema leo ni zamu yangu kusimulia, lakini nisizidishe. Nesi, mimi nilisoma darasa la pili tu, kuzidisha tulikuwa hatujafika.

Humu kliniki mnanijua kwa ugonjwa wa sukari. Kwa mguu hamnijui. Tazameni huu wa kulia: umepinda kidogo kama jembe lililogonga jiwe, lakini ni wangu, na leo nimekuja nao kwa kutembea. Karibu niukose, na kilichouokoa ni kuku. Msicheke kwanza.

Ilikuwa mwaka ule wa kuhamia vijijini. Sisi tulikaa huku nyuma ya Mtinko, nyumba moja huku, nyingine kule, kila mtu na zizi lake. Tukaambiwa tusogee, tukae kwa mistari, tupate shule na zahanati. Likaja lori la serikali. Mume wangu akapakia miti ya nyumba, mama mkwe akapakia kihenge chake cha mtama, mimi nikapanda juu kabisa kukishikilia kihenge. Alisema kikianguka nisirudi kwake. Basi kwenye korongo lori likaruka, kihenge kikabaki, nikaanguka mimi. Mguu ukalia ko! kama kuni kavu. Na kwenye muundi ngozi ikapasuka kidogo, damu ikatoka, si nyingi. Ikumbukeni hiyo damu.

Sasa ndugu zangu, nawaambia jambo la siku zile ambalo naona halijaisha. Wenye viatu, yaani walimu, makarani, watu wa wilayani, walikwenda hospitali mchana kweupe, na kwa mganga wakapitia uani. Sisi pekupeku tulikuwa kinyume. Kwa mganga tuliingia kwa mlango, aibu yetu ilikuwa hospitali. Utaingiaje pale na kitenge chenye matope, usemeshwe Kiswahili cha haraka, na mama mkwe anajua Kinyaturu tu? Na tulikuwa tumesikia kwamba mguu uliovunjika wanaukata. Mimi nilikuwa na watoto wawili na shamba jipya la kufyeka. Mwanamke wa mguu mmoja angelima nini?

Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Kanisani mtu akienda kwa mganga alitengwa, hapewi Meza ya Bwana. Akasema, “Aende hospitali.” Mama yake akamjibu, “Na gari liko wapi? Lori limeshaondoka. Kuunga mfupa si kupiga ramli. Au mchungaji wako anaunga mifupa?” Akaitwa mzee mmoja wa upande wa Misigiri, fundi wa mifupa, mtu mpole, mikono yake laini kama ya mtu anayekanda unga.

Yule mzee alinyoosha mfupa nikapiga kelele mpaka mbuzi wakajibu. Akapaka majani na mafuta ya kondoo, akafunga vijiti. Kisha akasema, “Nipeni kuku.” Tulibakiwa na mmoja tu, mtetea mwekundu, wengine walipotea kwenye kuhama. Akamvunja mguu, palepale nilipovunjika mimi, akampaka dawa ileile, akamfunga vijiti vidogo. Akasema, “Huyu ndiye atakayetuambia. Siku akikanyaga sawasawa mniite, nifungue. Kabla ya hapo mtu asiguse.”

Basi tukaugua wawili, yeye kafungwa kamba miguuni pa kitanda. Tulikuwa tukitazamana. Mama mkwe alimpa mtama wa kuchagua, mimi nilipewa uji. Nikisema, “Mama, mbona kuku anakula vizuri kuliko mimi?” ananijibu, “Wewe ukifa nitaozesha mwingine. Kuku huyu akifa, nani atajua habari zako?” Ndivyo alivyokuwa, maneno ya miiba, lakini maji ya kunawa aliniletea yeye mwenyewe.

Kuku akaanza kudonoa huku na huku, anachechemea. Mimi ndiyo kwanza joto likapanda. Chini ya vijiti pakawa panachoma kama kaa, pakaanza harufu. Nikasema ni ngozi ya ng'ombe niliyolalia. Nilijua si ngozi. Lakini nikisema kidonda watasema hospitali, na hospitali kwangu ilikuwa msumeno. Nikawa nafukiza ubani kitandani kama bibi harusi.

Hapo ndipo akaja mgeni kutoka wilayani, na landrova, kuhutubia kijiji kipya. Sikumwona, nilimsikia kupitia ukutani, maana mkutano ulifanyika karibu na kwetu. Akasema tuache waganga, ni mambo ya giza. Watu wakapiga makofi, hata wenye hirizi kiunoni. Kisha mume wangu akaambiwa mgeni atakula kwetu.

Ndugu zangu, mgeni Singida anakula kuku. Hata leo kuku wetu wanapanda basi kwenda Dar es Salaam mara nyingi kuliko sisi wenyewe. Nikamsikia mume wangu mlangoni:

“Mama, tumchinje yule.”

“Yupi?”

“Yule mwekundu. Hakuna mwingine, na jirani nimeomba nimekosa.”

“Huyo si kuku! Huyo ni mguu wa mke wako!”

“Mgeni wa serikali nimpe mlenda mtupu?”

“Si amesema sote ni ndugu? Ndugu hula mlenda.”

Lakini mwanamume akishaona aibu ya mgeni, humwambii kitu. Akaingia, hakunitazama usoni, akakata vijiti vya kuku ili mgeni asione. Nikageukia ukuta. Niliposikia mbawa zinapiga chini nililia kama nimefiwa, maana sasa mguu wangu haukuwa na wa kuusemea.

Wakala. Nilisikia mgeni anasifu mchuzi. Kisha: “Ndugu, kuku wenu huyu ana nini? Mfupa una fundo.”

Mume wangu akakohoa. Ndipo mama mkwe, mwanamke ambaye hakuwahi kukaa mbele ya wanaume wakila, akatoka jikoni, akauchukua ule mfupa mkononi mwa mgeni. Mkononi mwake! Akaja nao ndani, anaugeuzageuza kwenye mwanga wa mlango. Kweli, ulikuwa umeunga, fundo gumu, safi. Akauweka juu ya vijiti vyangu, akainama, akanusa. Akanusa tena. Akaniangalia.

“Kuku amepona,” akasema kwa Kinyaturu. “Wewe mbona unaoza?”

Wenzangu, hapo ndipo nilipobadilika. Yule mama hakuna mtu angemwambia hospitali akasikia, si mchungaji, si serikali. Alikiamini kipimo chake mwenyewe, na kipimo kikamwambia ukweli. Nikasema yote: damu ya siku ile, joto, ubani.

Mgeni alikuwa amesimama mlangoni na mafuta bado vidoleni. Akauliza, “Mbona hamkusema? Nimehutubia hapa asubuhi nzima!”

Mama mkwe akamjibu, mume wangu akatafsiri huku jasho linamtoka: “Ulituuliza, ndugu? Wewe ulisema tu.”

Mgeni akataka kucheka, akaacha. Akanawa mikono, akamwita dereva. Nikalazwa nyuma ya landrova, kichwa mapajani mwa mama mkwe, na mfupa wa kuku kaufunga kwenye pindo la kanga. Njiani mgeni akageuka, akasema taratibu ili dereva asisikie, “Dada, ukifika, mwambie daktari kila kilichopakwa. Usiogope. Mimi mwenyewe mama yangu ananitumia majani ya tumbo kutoka kijijini. Nayanywa nimefunga mlango.” Mtu wa viatu huyo, aliyekuwa ametoka kuhutubia!

Hospitalini daktari alifungua, muuguzi akaziba pua. “Mmeweka nini hapa?” Nikamtazama mama mkwe. Akasema, nikatafsiri: majani gani, mafuta gani, nani alifunga. Daktari alikasirika, sitawadanganya, alitugombeza vizuri. Kisha akasema mfupa umeshika, umepinda kidogo tu. Kilichooza ni nyama, na tungechelewa angekata. Akasafisha nikazimia, wakanichoma sindano nyingi. Nikatoka pale kwa mkongojo, na miguu yote miwili.

Yule mzee wa mifupa akaja baadaye kuulizia. “Kuku wangu yuko wapi?”

Mama mkwe akamwambia, “Ameliwa na serikali.”

Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza akaushika mguu wangu, akaliona kovu, akatikisa kichwa. “Mwanangu, ungeniambia pana kidonda nisingefunga. Kuku anasema habari ya mfupa. Habari ya nyama husema mwenye nyama.”

Nawashukuru hao wote: mzee aliyeunga, daktari aliyesafisha, mgeni aliyetoa gari, mume wangu ambaye kwa aibu yake alichinja bila kujua anaokoa. Zaidi ya wote mama mkwe wangu, alale pema. Ule mfupa aliutunza darini mpaka panya wakauchukua.

Nimemaliza, nesi, bado kidogo tu. Humu ndani mambo ni yaleyale. Wenye watoto mjini mnaletewa makopo ya dawa yenye maandishi, mnayaficha kabatini. Sisi wengine mizizi yetu iko chini ya kitanda. Sote tukifika hapa tukiulizwa, “Unatumia kingine?” tunasema, “Hapana, mwanangu.” Sisemi muache, mimi nani? Nasema tusifiche. Na leo tulipoambiwa tuvue viatu tukaguliwe miguu, kuna mmoja wetu sikumwona akivua, na harufu ile mimi naijua, niliwahi kuifukizia ubani. Simtaji. Nesi yule pale, ana beseni na maji ya vuguvugu, na hana msumeno. Nenda umwambie mwenyewe, mpendwa. Kuku wa kukusemea hayupo, aliliwa.